Wageni wa Kihenge cha Ngulyati

Bariadi, Jumatatu, 20 Oktoba 2008

Naanza kurasa hizi kwa kuomba radhi, ingawa sijui namwomba nani. Marehemu mke wangu, Martha, alikuwa akisema kwamba mimi huomba radhi hata kwa mlango nikiufunga kwa kishindo. Tangu alipofariki mwaka juzi nimejikuta nikizungumza na vyombo vya nyumbani, na nimeona ni heri maneno hayo yapate mahali pa kukaa. Nitaandika msimu huu wa mvua peke yake, kisha nitaacha.

Hali yenyewe ni hii. Mimi, Machibya, niliyekuwa karani wa chama cha msingi cha pamba hadi kilipokufa baada ya wanunuzi binafsi kuruhusiwa kuja na mizani zao, nimegeuka mfanyabiashara uzeeni. Nauza michembe, yaani viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juu ya miamba mpaka vikakauka kabisa. Wanaoitengeneza ni akina mama wajane wa Ngulyati, waliokuwa wakisali pamoja na Martha. Hatukukusudia utajiri. Tulikusudia kwamba mjane awe na kitu chake cha kuuza, asilazimike kukaa juu ya gunia la pamba akimsubiri mtu amtajie bei.

Soko letu ni intaneti. Milembe, mama mwenye duka la kompyuta karibu na stendi, alinifungulia blogu mwezi wa sita, tukaiita Michembe ya Ngulyati. Naandika namna ya kuikata, namna ya kuichemsha pamoja na karanga, na habari za vijijini ambazo watu wetu walioko mbali wamezikosa. Anayetaka kununua huandika maoni yake chini, nami humtumia kifurushi kwa basi.

Mvua haijanyesha.

24 Oktoba

Umeme hakuna. Milembe amekaa mlangoni akijipepea kwa kipande cha katoni. Nimerudi nyumbani.

25 Oktoba

Milembe hunicheka kwa jinsi ninavyowajibu wasomaji. Siwezi kumjibu mtu kabla sijamwamkia. Kwanza mwangaluka, salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, kisha nauliza ni mtoto wa nani, wa upande gani, wazazi hawajambo, ng'ombe wapo, mvua kwao vipi. Hapo ndipo nafika kwenye alichouliza.

"Baba, huyu kauliza bei tu," Milembe alisema leo. "Wewe umemuuliza mpaka ng'ombe. Mtu yuko Kinondoni, ng'ombe atamfuga sebuleni?"

"Pengine wapo kwa baba yake."

"Haya. Ukimaliza kuwahesabu unilipe saa yangu."

Kabla sijaondoka yule wa Kinondoni alikuwa ameitikia salama na kuniita babu: "Mhola, guku. Ng'ombe wapo Migato kwa baba mdogo. Sijaulizwa hivi tangu nimefika huku." Milembe alisoma, akasoma tena, akaniongezea muda bila kunitoza.

Ni kweli blogu imekua kwa njia hiyo, wala sina njia nyingine. Natembelea pia blogu za wengine, nikizichukulia kama miji ya watu: sifiki na kapu langu la kuuza mkononi. Naingia, naamkia, nasoma, nasifu panapostahili, naaga. Baadaye mwenye mji naye hunitembelea, mara nyingine akiwa na ndugu zake.

2 Novemba, Jumapili

Baada ya Misa nimekwenda Ngulyati kwa baiskeli. Ng'washi, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa rafiki mkubwa wa Martha, na kwa hiyo huniita shemeji na kunitania bila huruma.

"Shemeji, umekonda. Hiyo kompyuta hailishi?"

Niliwasomea salamu za wasomaji, mmoja mmoja kwa jina, kama ninavyofanya kila nikija. Akina mama hupenda sana sehemu hii. Wanamjua Nyanjige, nesi wa Dodoma, ambaye ni mjamzito na hutafuna michembe mikavu akiwa zamu. Wanamjua Constantine, mwenye duka Dar es Salaam, aliyezaliwa Maswa na kufiwa na mama yake akiwa masomoni. Benedikta, mdogo wao kwa umri, ambaye analea watoto wake peke yake, aliuliza, "Nyanjige miguu imeacha kuvimba?" Nikaahidi kumuuliza.

Kanuni yetu tumeirudia pia. Kila kihenge, yaani ghala la chakula la nyumba, kina sehemu mbili. Ya juu ni ya kuuza. Ya chini haiguswi, maana ndiyo chakula cha nyumba mpaka mahindi mabichi yapatikane.

9 Novemba

Mawingu mazito mchana kutwa. Jioni yamekwenda Maswa.

13 Novemba

Constantine ameandika maoni marefu ya kunisifu, akaniita baba. Anasema amewaonyesha wateja wake blogu yetu na wote wanaulizia michembe. Nimeyasoma mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Nilipotoka nje nilimweleza mshona viatu, ambaye hakuwa ameniuliza chochote.

19 Novemba

Maombi yamezidi. Wa Kinondoni amewaleta wa Tabata, na Nyanjige amewaleta wauguzi wenzake. Nimewajibu wote kwamba watapata. Mtu aliyekuamkia kwa adabu, akakueleza habari za wazazi wake, kisha akaomba chakula cha kwenu, unamwambiaje kwamba hakuna? Sikulelewa hivyo.

23 Novemba

Ilinyesha kidogo, watu wakakimbilia mashambani kupanda. Vumbi limetulia. Nimelala vizuri.

4 Desemba

Haijarudi tangu siku ile. Mahindi yaliyoota yamejikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto.

Nimekwenda Ngulyati kuomba mzigo mwingine. Niliwasomea salamu kwanza. Ng'washi alisikiliza akichora chini kwa kijiti.

"Wageni wako ni wengi mwaka huu, shemeji," akasema.

"Ni baraka."

"Ni wengi," akarudia, akanyanyuka kwenda kuwaita wenzake.

Magunia yalijaa. Nilimwona ni mtu mgumu, asiyefurahia kazi yake mwenyewe ikienda vizuri. Ndivyo ninavyoandika hapa, na sitafuta.

11 Desemba

Mawingu. Maswa tena.

15 Desemba

Constantine amenipigia simu. Atafungua sehemu mpya dukani kwake katikati ya Januari, ya vyakula vya kwetu, na anataka magunia sita ya michembe kwa siku ya kwanza. Nilimwambia, "Yatakuwepo, mwanangu." Jibu lilitoka mdomoni kabla sijafikiri. Tangu hapo nimeshindwa kutulia. Nimekwenda stendi, nimerudi, nimekwenda tena kuona kama umeme upo. Upo. Sikuwa na cha kuandika.

25 Desemba, Noeli

Kanisa lilijaa. Benedikta hakuonekana, wala watoto wake. Nilidhani wana homa.

28 Desemba

Joto. Upepo wa vumbi. Hakuna wingu hata la kwenda Maswa.

3 Januari 2009

Naandika kwa haraka, naomba radhi kwa mwandiko.

Leo nimekwenda Ngulyati bila kutoa taarifa. Nilichukua kamera ndogo ya Milembe, nikikusudia kupiga picha ya kihenge kilichojaa, ili Constantine aibandike dukani. Nyumba ya kwanza njiani ni ya Benedikta. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaniomba nisubiri. Nilimwona akipita nyuma ya nyumba kwenda kwa jirani, na kurudi ameficha kitu ndani ya khanga. Baadaye aliniletea sahani ya michembe ya moto na karanga.

Nilikula. Naandika hili kwa aibu kubwa: nilikula yote, nikasifu mapishi. Watoto walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta. Hawakucheza, wala hawakunitazama mimi wala sahani. Mtoto asiyetazama chakula amekatazwa kutazama. Nililiona hilo, na bado sikulielewa.

Kisha nikasema, "Mayu, mama yangu, naomba nipige picha ya kihenge."

"Mle ndani mna giza, baba."

"Kamera ina taa yake."

"Labda siku nyingine."

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshainua mfuniko wa majani, nikabonyeza. Taa ilipomulika niliona sakafu ya kihenge, udongo mtupu, na bua moja la mtama.

Nilikwenda kwa Ng'washi nikikokota baiskeli. Alikuwa akipepeta.

"Shemeji, kihenge cha Benedikta ni kitupu."

"Naam."

"Na cha kwako?"

"Kimebaki kidogo. Cha jirani yangu mama Ndaki kidogo. Vingine umevimaliza."

"Lakini tulikuwa na kanuni! Sehemu ya chini haiguswi. Kwa nini hamkuniambia?"

Aliuweka ungo chini. "Wewe ulikuja na maombi au ulikuja na watu? Ulikuja na Nyanjige ana mimba, miguu imevimba. Ulikuja na mtoto wa Maswa asiye na mama. Ulitusomea mpaka majina ya ng'ombe zao. Halafu unasema wanaomba michembe. Nani kati yetu angesimama aseme hao wasile? Angeitwa nani kijijini hapa?"

"Walilipa, shemeji. Pesa mlipata."

"Tulipata. Ikanunua mbegu, mbegu ikaungua. Tukanunua mbegu nyingine. Hiyo tumeiweka ndani, tunangoja mvua. Mahindi sokoni umeyaulizia bei?"

Sikuwa nimeulizia. Mimi nalishwa na pensheni ndogo na mtu mmoja hali sana.

"Mngesema tu," nikarudia kama mtoto.

"Na wewe ungemwambia mgeni hapana?"

Kisha nimekwenda sokoni, nikarudi kwa Benedikta na debe la mahindi. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema wabeja, asante, wala hakuniangalia usoni.

5 Januari

Nimempigia Constantine.

"Shikamoo, baba yangu! Magunia yako njiani?"

"Marahaba, mwanangu. Naomba radhi. Sitaweza."

"Hutaweza mangapi?"

"Yote sita."

Nikasikia magari ya Dar es Salaam. "Mzee, nimeshabandika tangazo mlangoni. Basi nitumie hata matatu."

"Nikichukua hayo watoto watalala njaa. Sehemu ya chini ya kihenge imekwisha."

"Mimi siulizii kihenge, naulizia mzigo. Uliniahidi."

"Niliahidi, na nilikosea kuahidi."

"Biashara siyo kuamkiana, mzee," akasema, akakata simu. Kwa mara ya kwanza hakuaga.

Nimekwenda kwa Milembe. Nikaandika kwenye blogu kwamba nimefunga mauzo, kwamba nilipokea maombi bila kupima, na kwamba familia zilizotulisha sasa hazina chakula. Ili nisionekane natafuta kisingizio, nilimtaja Benedikta kwa jina, nikaweka na picha ya kihenge chake kitupu. Nilidhani ukweli wote ndio adabu yote.

7 Januari

Milembe alinipokea barabarani.

"Baba, tumelipuka! Njoo uone. Wamekuja watu ambao hatujawahi kuwaona. Blogu kubwa zote zimetuweka. Wanauliza namba ya kutuma pesa."

Kwa miezi yote hii ya kutembelea miji ya watu sijawahi kupata wageni kama hawa. Wengi hawakuamkia. "Pole mama Benedikta." "Inasikitisha." "Wekeni picha za watoto." Nilisoma mpaka macho yakauma, moyo ukinienda mbio, na sitasema uongo: sehemu yake ilikuwa furaha.

Constantine hayumo kati yao.

9 Januari

Ng'washi amekuja mjini. Alitokea mlangoni kwa Milembe na vumbi mpaka magotini.

"Habari za Dar, shemeji?" akasema.

Nilisimama kumpa kiti. Hakukaa.

"Mwanangu Luhende amenipigia kutoka Mwanza analia. Mama, mnakufa njaa? Namwambia nani kakudanganya. Anasema iko kwenye kompyuta, na picha ipo. Kihenge cha Benedikta, na jina la Benedikta."

"Nilitaka kusema kweli."

"Kweli ya nani? Ungepiga picha chungu chako. Tangu jana hatoki ndani. Anasema hata Misa haendi, watu watamtazama kama kapu lililotobolewa."

Milembe alijaribu kuingilia. "Lakini mama, watu wengi wanataka kutuma msaada."

"Wewe nawe! Ungekuwa mlango wako umefunguliwa hivyo ungecheka?"

Mimi nilisema naomba radhi, nikasema tena. Ng'washi aliinua mkono kama anayezuia ndama.

"Acha kuomba radhi, unanichosha. Martha naye ulimchosha. Niambie jambo moja. Hao wageni wako, michembe yetu bado wanayo nyumbani?"

"Baadhi wanayo. Wengine walinunua mwezi uliopita tu."

"Basi tunawakopa. Mimi nikiishiwa chumvi naenda kwa mama Ndaki, nakopa, na yeye akiishiwa anakuja kwangu. Sijawahi kwenda kusimama mlangoni pa kanisa nikinyoosha mkono. Andika hivyo. Aliyebaki na michembe yetu aturudishie kwa mkopo. Viazi vikikauka mwezi wa saba tunamrudishia kipimo kilekile. Pesa hatutaki, na picha za watoto hawapati."

"Niandike kwa jina la nani?"

"Langu. La Benedikta futa, na kihenge chake kitoe humo."

Milembe alikuwa ameshafuta kabla hajamaliza kusema. Niliandika kwa maneno ya Ng'washi, sikuyapamba. Alisimama nyuma yangu akitazama skrini asiyoisoma haraka, akanishika begani mara moja, akaondoka kuwahi gari.

10 Januari

Wageni wapya wameanza kupungua. Mmoja ameandika kwamba sisi ni watu wa maringo.

12 Januari

Kimya. Nimezunguka stendi. Kondakta wa basi la Dar ameniuliza kama nasafiri.

15 Januari

Leo ndiyo siku aliyopanga Constantine kufungua. Nimefungua blogu ya duka lake. Ametutoa kwenye orodha ya marafiki zake. Pale jina letu lilipokuwa pameachwa wazi. Sikumwandikia. Nilianza, nikaona kila sentensi inaanza na samahani, nikaacha.

17 Januari

Kondakta amenikabidhi gunia dogo. Yule wa Kinondoni amezunguka kwa jamaa zake wa Tabata akakusanya. Kila kifurushi kina jina la mwenyewe kwa kalamu. Kwenye kimoja ameandika: "Mkopo, siyo msaada. Msipolipa nitakuja na ng'ombe za baba mdogo zikae kwenu."

20 Januari

Vingine vimekuja. Cha Dodoma kimefungwa kwa bandeji ya hospitali. Nyanjige ameandika, "Guku, nisamehe, nusu nimeshaila. Mtoto ameshazaliwa, ni wa kike. Nusu hii mtanilipa nusu."

Nimevipeleka vyote Ngulyati, sikugawa mimi. Ng'washi aligawa, kwa kuanzia na nyumba zenye watoto. Kila mama alitaka kwanza kusikia jina la anayemdai. Havikujaza kihenge hata kimoja. Pamoja na mahindi kidogo ya sokoni vitawafikisha kwenye mahindi mabichi.

24 Januari

Mvua. Imeanza asubuhi, bati linapiga kelele, na sijakwenda popote.

26 Januari

Mvua.

1 Februari, Jumapili

Benedikta alikuja Misa leo, na watoto. Baadaye nilikwenda Ngulyati kwa miguu, njia haipitiki kwa baiskeli. Nilimkuta shambani kwake, akipanda viazi. Mahindi ya mbegu ya pili yameota nyuma yake, mistari imenyooka. Nilisimama ukingoni, sikuingia mpaka aliponiita.

"Karibu, baba. Usikanyage hilo, hilo ni la Nyanjige."

Ametengeneza matuta mapya, na kila tuta amelipa jina la mtu aliyemkopesha. Alinitembeza akinionyesha: huyu wa Tabata, huyu mke wake, huyu wa Kinondoni mwenye maneno mengi. La Nyanjige ni fupi, kwa kuwa alileta nusu.

"Na yule wa Maswa asiye na mama?" akaniuliza. "Lake liko wapi?"

Nilimwambia kwamba Constantine hakutuma kitu, na kwamba kosa ni langu, nilimwahidi nikamwangusha, na sasa hataki kunisikia.

Alifikiri, jembe likiwa begani. "Basi huyo ndiye anayetudai pole," akasema. "Mpigie tuta wewe mwenyewe. Jembe la pili liko pale."

Mkononi nilikuwa na kamera ya Milembe, niliyokuja nayo mfukoni kwa mazoea. Watu wanasubiri habari ya mvua; Milembe ameniambia asubuhi hii kwamba wanauliza kila siku. Nilimwomba Benedikta ruhusa ya kupiga picha ya matuta, matuta peke yake.

"Hapana, baba," akasema bila hasira. "Ngoja yatoe majani."

Nimeirudisha mfukoni, nikavua viatu, nikachukua jembe.